Vyuma vya kupikia vya bei chee: maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu kununua na kufufua kikaango chenye kutu

Nafufua vikaango na vyuma vya vitumbua uani kwangu hapa Temeke, jumapili kwa jumapili, na maswali ninayoulizwa ni yaleyale. Majirani, mashemeji, mama ntilie, mpaka bodaboda anayeniletea mizigo. Nimeyaandika ili mtu akiniuliza nimtumie tu. Soma unachohitaji, mengine ruka.

Kastaironi ndio chuma gani hicho?

Ni kile chuma kizito cheusi kinachoyeyushwa alafu kinamiminwa kwenye kalibu ya mchanga, kikiganda kinatoka kikaango kizimakizima na mkono wake. Vitabuni wanakiita chuma cha kusubu. Dukani sema kastaironi, au sema tu "vile vyuma vizito vya chapati", watakuelewa. Kina kaboni nyingi, kama asilimia 2 mpaka 4, ndio maana ni kigumu ila hakibonyei, kikidondoka kwenye sakafu ya simenti kinavunjika kama chungu.

Karai la kukaangia mihogo pale barabarani sio kastaironi, lile ni bati la chuma limegongwa na mafundi, jepesi, na ukiligonga linabonyea. Sio baya, na mengi nitakayosema hapa linayakubali pia.

Si bora ninunue fraipani ya kutoshika, yaishe?

Nunua, kama unayo hela ya kununua nyingine mwakani. Ile teflon ikianza kubanduka hakuna la kufanya, unatupa. Kastaironi ikichakaa unaikwangua unaanza upya, na hata ikikaa miaka ishirini stoo imejaa kutu bado ni kikaango.

Ila nisikudanganye. Ni kizito, cha inchi kumi kinapita kilo mbili, na kinachelewa kupata moto kuliko alumini. Mama yangu ana mkono unamsumbua, hakitaki kabisa na simlaumu. Raha yake inakuja kikishapata moto, maana ukitupa chapati ya baridi juu yake hakishtuki, joto lipo palepale, chapati ya kwanza na ya kumi zinatoka sawa. Kwa chapati, vitumbua, mayai, nyama ya kukaanga na mkate wa kumimina hakuna kinachokifikia. Wali na mchuzi wa nyanya wacha kwenye sufuria yako.

Hela yangu ndogo, nikitafute wapi?

Sehemu ninayoipenda ni kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Watu wanatoa vikaango vya bibi stoo wanaviuza kwa kilo pamoja na nondo na rimu za gari, na yule jamaa hajali kama ni kikaango au ni kipande cha injini, kwake ni kilo. Ukimwongezea kidogo juu ya bei aliyonunulia anakupa huku anacheka. Nenda asubuhi kabla hawajapakia.

Pili ni vile vitu vya nyumbani vilivyotumika vinavyoshuka na makontena kutoka Ulaya. Pale kwenye lundo la vijiko na birika, chini kabisa, mara nyingi kuna kikaango kizito ambacho hakuna mtu anakitaka kwa sababu ni kizito na kina kutu. Usionyeshe furaha. Mi huwa nashika kwanza birika, nauliza bei ya birika, alafu kile kikaango nauliza kama mtu aliyekikanyaga.

Tatu, familia. Uliza shangazi, uliza bibi, uliza yule jirani aliyekuwa anauza vitumbua akaacha. Chuma cha vitumbua cha zamani ni kizuri kuliko vingi vya dukani saivi, vishimo vyake vimeshalainika kwa kazi ya miaka.

Na kipya? Vipo, vyuma vya chapati vyenye mkono wa mbao utavikuta Kariakoo na Nairobi pia vimejaa, sio ghali. Vingi vinakuja vimepakwa nta au rangi nyeusi ya kuzuia kutu njiani, hiyo usiipikie, sugua yote itoke kwanza.

Nitajuaje muuzaji hanipi alumini?

Beba sumaku. Ya spika mbovu inatosha. Kwenye chuma inang'ang'ania, kwenye alumini inadondoka. Hata mkono utakwambia, maana alumini ya ukubwa uleule haifiki hata nusu ya uzito. Hili ni la muhimu ukija kwenye kostiki soda ya kutolea ukoko huko mbele, kwa sababu kostiki inaila alumini huku inatoa gesi inayowaka.

Nikague nini kabla sijalipa?

Kutu usiiogope, ukoko usiuogope. Ogopa ufa.

Kining'inize kwa kidole kwenye tundu la mkono, alafu kigonge na kijiti au na kifundo cha kidole. Kizima kinalia ngiiii, sauti inavuta kama kengele. Chenye ufa kinajibu "tap" kama umegonga ndoo yenye maji. Jaribio hili linanisaidia mara nyingi, ingawa kelele za sokoni zinaweza kukudanganya, kwa hiyo sogea pembeni.

Pitisha ukucha ukingoni mzima. Nyufa nyingi zinaanzia ukingoni zinashuka, na nyingine zinajificha pale mkono unapoungana na mwili. Kisha kiweke kwenye kitu kilichonyooka, meza ya kioo au tailizi, bonyeza ukingo huku na huku. Kikicheza maana yake kimepinda. Kwa jiko la mkaa au la gesi kucheza kidogo hakuna shida, ila kama una lile jiko la umeme la kioo achana nacho.

Vitobo vidogo vidogo vya kutu kwenye uso vinavumilika. Kutu ikishakula mpaka ukaona chuma kimekuwa chembamba upande mmoja, rudisha.

Kuna ujanja wa mafundi kama una wasiwasi bado na umeshafika nyumbani. Sugua ile sehemu iwe safi, paka mafuta ya taa, subiri robo saa, futa kabisa mpaka pakauke, alafu pitisha chaki nyeupe juu yake. Kama ufa upo, mafuta yaliyojificha ndani yanapanda kwenye chaki na mstari unajichora wenyewe. Mara ya kwanza nilivyoona nilikaa kimya, maana kile kikaango nilikuwa nimeshamwahidi mtu. (Kama kipo salama, usisahau kuosha mafuta ya taa na sabuni na kukichoma vizuri kabla ya chakula.)

Kuna vikaango ambavyo hupokei hata vya bure?

Ndio. Ukanda wetu huu wa pwani wavuvi wanayeyusha madini ya risasi kutengeneza chubwi za nyavu na mishipi, na chombo cha kuyeyushia ni hichohicho kikaango kichakavu au kijungu cha chuma. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327 tu, jiko la mkaa linafika huko bila shida. Kikaango cha namna hiyo ni sumu, hasa kwa watoto na wajawazito, na hakuna kusugua kwa nyumbani unakoweza kukuamini. Ukiona matone ya kijivu yaliyoganda yanang'aa ukiyakwangua na kisu, laini laini, au muuzaji akikwambia "hiki kilikuwa cha kazi ya nyavu", shukuru ondoka. Vilevile vilivyotumika gereji kwa kazi ambayo hakuna anayeijua.

Na vile vyenye ufa. Nawaza yule shangazi anayeniuliza kila krismasi kama fundi wa kuchomelea hawezi kukiziba. Kastaironi inachomelewa, lakini inataka vijiti vyake maalumu, inapashwa moto kwanza, inapoozwa polepole, na hata hapo inaweza kupasuka pembeni ya weldi. Gharama yake unanunua kingine. Chenye ufa weka mmea.

Changu kimekuwa kutu tupu, rangi ya chungwa mpaka ndani. Kimekufa?

Hapana. Kutu iliyo juu tu ndio kazi rahisi kuliko zote. Kinachochosha ni ule ukoko mweusi mnene wa mafuta ya miaka, unaojibandua kama magome ya mti. Hizi ni kazi mbili tofauti na dawa zake ni tofauti, watu wanachanganya hapa: siki inatoa kutu ila haigusi ukoko, kostiki inatoa ukoko ila haigusi kutu. Kama vipo vyote, anza na ukoko.

Ukoko nautoaje?

Kama ni mwembamba, stiliwaya, chumvi ya mawe na mkono wako. Au majivu na makumbi ya nazi kama bibi zetu, na sio ushamba, majivu yana magadi ndani yake yanayokata mafuta.

Ukiwa mnene natumia kostiki soda, ileile ya kutengenezea sabuni. Ndoo ya plastiki ya lita 20, maji ya baridi, nusu kilo ya kostiki. Kostiki ndio inaingia kwenye maji, kidogo kidogo, kamwe usimwage maji juu ya kostiki, inachemka na kukurukia usoni. Glavu ndefu za mpira, miwani, nje kwenye hewa. Ndoo iwe na mfuniko, iandikwe SUMU, ikae mahali mtoto hafiki hata akiweka kiti, mi naifungia stoo na ufunguo nakaa nao. Zamisha kikaango siku mbili tatu, kitoe, sugua, kama bado rudisha. Mkono wa mbao utoe kabla, kostiki itaula. Kitu cha alumini kisiingie humo, wala usije ukachanganya na siki kwenye ndoo moja.

Kama una watoto wengi na uwanja mdogo, acha kabisa hiyo njia. Sugua kwa wiki nzima, kidogo kidogo kila jioni. Utafika.

Na kutu?

Siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, kikaango kizame chote, maana pale maji yanapoishia siki inachora mstari. Weka saa, sio saa ya kukisia. Baada ya nusu saa kitoe, sugua na stiliwaya chini ya maji uone. Bado? Rudisha nusu saa nyingine. Usilale nacho. Siki ikimaliza kutu inaanza kula chuma chenyewe, na ukiamka utakuta uso umekuwa mkwaruzo kama msasa.

Kikitoka osha na sabuni, suuza na maji yenye kijiko cha baking soda kuua ile asidi, alafu hapohapo, usijibu simu, kifute na kiweke motoni kikauke. Chuma kilicho uchi kwa hewa ya Dar kinageuka njano mbele ya macho yako, dakika chache tu. Ikitokea hivyo usilie, kifute na kitambaa chenye mafuta kidogo, ile njano inaondoka.

Wengine wanatumia chaja ya betri na magadi ya kufulia kwenye ndoo, umeme unapita majini kati ya kikaango na kipande kingine cha chuma, kutu inaachia. Inafanya kazi vizuri sana, ila kile chuma cha pili unachokitoa sadaka kisiwe stenlesi kwa sababu kinatoa kemikali mbaya kwenye maji, na usiweke chumvi badala ya magadi, inatoa gesi ya klorini. Mi sina chaja, na umeme na maji kwenye ndoo moja mke wangu alishakataa.

Kwa nini nisikitupe tu kwenye moto mkali, uchafu wote uungue?

Kwa sababu mi nilifanya hivyo.

Kilikuwa chuma cha vitumbua cha shangazi, vishimo saba, alikinunua kabla mimi sijazaliwa. Ukoko umejaa mpaka vitumbua vinatoka vidogo kama gololi. Nikajisemea mkaa upo, nikakizika katikati ya makaa, nikapepea. Ukoko uliungua kweli, chuma kikawa chekundu, nikafurahi. Alafu nikakitoa na koleo nikakimwagia kata ya maji ili kipoe haraka nianze kusugua. Ile sauti sitaisahau, sio "tsss" peke yake, ndani yake kulikuwa na "ka". Ufa ulipita vishimo vitatu. Shangazi hakugomba, alisema tu "basi mwanangu", na hilo ndilo lililoniuma.

Kwa hiyo moto mkali unapindisha, na kikishakuwa chekundu kinaweza kubaki na rangi ya pinki pinki isiyoshika mafuta tena. Na maji ya baridi kwenye chuma cha moto ni kukiua moja kwa moja. Hii inahusu hata ukimaliza kupika, subiri kipoe.

Nipitishe grinda kiwe laini kama kioo?

Vikaango vingi vipya vina vipele vipele, hiyo ni alama ya mchanga wa kalibu. Ni mambo ya zamani hayo, Mwingereza Abraham Darby alipata hati ya kumimina vyungu vya chuma kwenye mchanga mwaka 1707. Viwanda vya zamani vilikuwa vinausawazisha ule uso kwa mashine baada ya kumimina, saivi wengi wanauacha hivyohivyo ili bei ishuke.

Kwa chuma cha chapati kipya unaweza kupitisha msasa wa namba 80 alafu 120 kupunguza vipele, kwa mkono inatosha. Grinda ni kwa mtu anayejua, ukikaa sehemu moja sekunde mbili nyingi umechimba shimo. Na usifanye kiwe kioo kabisa, mafuta yanakosa pa kushika, ngozi yake inabanduka. Vishimo vya vitumbua sugua na msasa uliozungushiwa kwenye kidole gumba, ndio umbo lake hasa.

Vumbi lake usilivute, vaa barakoa.

Kukomaza ndio nini? Nina jiko la mkaa tu, sina oveni.

Kukomaza ni kukipaka mafuta membamba na kukichoma mpaka yale mafuta yageuke ngozi ngumu nyeusi iliyogandamana na chuma. Sio mafuta tena, ni kama vanishi. Wengine wanasema kusizini.

Oveni ni rahisi, nyuzi 200 mpaka 230, kifudifudi, saa moja, zima, kipoe humohumo. Lakini sisi tunajua kupalia moto juu na chini toka enzi za mkate wa kumimina, kwa hiyo oveni tunayo. Fanya hivi.

Kikaushe kwanza motoni mpaka kiwe cha kuunguza kidogo. Paka mafuta kote, ndani, nje, mgongoni, mkono. Sasa chukua kitambaa kingine kikavu cha pamba uyafute yote. Futa kama unayataka yarudi kwenye chupa. Chuma kibaki cheusi kimefifia, kisichomeremeta. Ukiona bado kinameremeta mafuta ni mengi, futa tena. Hapa ndipo watu tisa kati ya kumi wanaonijia wamekosea, wanaona kidogo hakitoshi wanaongeza, alafu wanapata kitu kinachonata kama gundi.

Makaa yawe yamekolea na kuanza jivu jeupe, sio yale yanayowaka moto. Weka mawe matatu madogo, kikaango juu yake kifudifudi, kifunike na karai la chuma kuukuu au debe lililokatwa, na juu ya hilo tandaza makaa machache. Usitumie sufuria ya alumini kufunikia, ikiwa tupu na moto umezidi inaweza kulegea. Kitatoa moshi, lazima ufanyie nje. Moshi ukiisha kabisa, kama saa moja hivi, acha kipoe chenyewe. Rudia mara tatu au nne. Ya kwanza kitakuwa na rangi ya kahawa isiyoeleweka, usikate tamaa, ya tatu kinaanza kuwa cheusi.

Mafuta gani?

Alizeti iliyochujwa vizuri. Inatoka hapahapa Singida na Dodoma, inavumilia moto, na aina yake ya mafuta inakauka kuwa ngozi. Mafuta ya mawese yaliyosafishwa, yale mengi yanayouzwa kwa kupimwa dukani, yanafanya kazi ila polepole zaidi. Mafuta ya nazi usipoteze muda, karibu yote ni aina ile isiyokauka, ni matamu kwenye vitumbua lakini sio kazi yake hii. Samli na siagi vilevile hapana. Ya mbegu za kitani yanasifiwa sana mitandaoni, bei yake kubwa na ngozi yake inabanduka magamba. Achana nayo.

Kimenata. Nimeharibu?

Ulipaka mengi au moto ulikuwa mdogo. Kirudishe motoni bila kuongeza mafuta, saa nyingine nzima. Kikigoma, kisugue pale panaponata tu, sio kuanza upya.

Nimefuata yote na mayai bado yanashika.

Mayai ni mtihani wa mwisho, we umeanza nao. Wiki mbili za kwanza kaanga vitu vya mafuta, chapati za kumimina, vitunguu, mihogo. Na kipashe moto taratibu dakika tano, moto wa wastani, alafu mafuta, alafu chakula. Wengi wanaweka moto mkubwa kwenye chuma cha baridi, katikati panaungua pembeni pabichi.

Kwa vitumbua, kila kishimo kipate mafuta kabla ya kila mzunguko, sio mzunguko wa kwanza peke yake, na usiguse kitumbua mpaka ukingo uwe wa kahawia, kikiiva kinajiachia chenyewe. Ukikichokonoa mapema kinabaki nusu. Mama mmoja wa Mbagala aliniletea chuma chake mara mbili analalamika kimeharibika, mara ya pili nikaenda kumwangalia akipika, chuma kilikuwa kizima, haraka ndio ilikuwa tatizo, ana foleni ya watoto wa shule saa kumi na mbili asubuhi na yeye ni mmoja. Tukakubaliana aongeze chuma cha pili.

Ni kweli sabuni haitakiwi?

Sabuni ya maji ya vyombo kidogo, sawa. Ile ngozi imeshakuwa ngumu, povu haliitoi. Katazo hilo ni la enzi za sabuni kali zenye kostiki nyingi. Kinachoharibu ni kukilowesha usiku kucha kwenye beseni na kukiacha kikauke chenyewe. Osha, futa, weka motoni dakika mbili, paka tone la mafuta, futa, basi. Makumbi ya nazi au brashi vinatosha, stiliwaya weka kwa siku ya kufufua.

Nyanya, ndimu, ukwaju?

Kukamulia ndimu kwenye samaki dakika ya mwisho hakuna neno. Kuchemsha mchuzi wa ukwaju nusu saa kutakula ngozi na mchuzi utapata ladha ya msumari.

Kupikia chuma kunaongeza damu?

Chakula kinachukua madini ya chuma kidogo kutoka kwenye kikaango, hasa kikiwa na asidi na kikapikwa muda mrefu. Lakini mwenye upungufu wa damu aende hospitali, kikaango sio dawa. Na wapo wanaotakiwa kuwa makini upande wa pili, wale ambao miili yao inalundika chuma, na wenye seli mundu wanaoongezewa damu mara kwa mara. Hao wamuulize daktari wao kwanza.

Nipo Zanzibar, nikikiacha siku tatu kutu imerudi.

Chumvi ya bahari hiyo. Usikifunikie na mfuniko, usikipange ndani ya kingine bila karatasi katikati, na usikiweke kabati la chini ya sinki. Kitumie. Kinachopikiwa kila siku hakipati nafasi ya kuota kutu.

Nimekuta kimeandikwa Griswold. Au Wagner. Ni cha maana?

We, taratibu! Griswold walikuwa Erie, Pennsylvania, kiwanda kikafungwa 1957. Wagner ni wa Sidney, Ohio. Wamarekani wanavikusanya na kuvilipia hela nzuri, kwa hiyo msasa usikiguse, kostiki na siki tu. Ile namba 8 mgongoni sio inchi nane, ni kipimo cha tundu la majiko yao ya kuni ya zamani, kikaango chenyewe kinakaribia inchi kumi na nusu. Lodge je? Hao wapo South Pittsburg, Tennessee, toka 1896 na bado wanatengeneza, ndugu aliyeko huko akikuuliza akuletee zawadi gani unajua cha kumjibu, ila mwambie na uzito mapema asije akalia uwanja wa ndege.

Na vile vya rangi, vyenye kama kauri juu?

Hiyo ni enameli juu ya kastaironi, kama Le Creuset za Ufaransa. Havikomazwi. Ikiwa imemeguka nje tu, pikia. Ikiwa imemeguka ndani, vipande vinaweza kuingia kwenye chakula na nyumbani huwezi kuirudishia, hicho mwachie muuzaji.

Jumla inagharimu shilingi ngapi?

Cha mwisho kufufua ni chuma cha chapati kipana. Kwa yule jamaa wa chakavu elfu sita, siki elfu tatu, stiliwaya na msasa elfu mbili, alizeti ya jikoni kijiko kimoja, na mkaa wa jumapili nzima ambao ungetumika kwenye maharage hata hivyo. Mkono wa mbao ulikuwa umeoza, nikachonga mwingine kwenye kipande cha mkorosho. Chapati yake ya kwanza ilishika, ya pili ilishika kidogo, ya tatu ilizunguka yenyewe nikiutikisa mkono. Ningekupigia picha uone ila shemeji alikiazima cha siku moja, huu mwezi wa tatu.